Njia Aliyoitaja Verna

Watu wa Dakota Kaskazini, huko Marekani, wana sheria moja ya majira ya baridi ambayo haikuandikwa na serikali. Ukitaka kusafiri, unampigia simu yule unayekwenda kwake, unamtajia njia utakayopita, na ukishaitaja huibadilishi. Giza likiingia hujafika, yeye atawasha gari akufuate kwa njia hiyo hiyo. Verna Tollefson aliijua sheria hii kabla hajajua kusoma.

Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Mumewe alipofariki aliuza nyumba, akanunua vani kuukuu, akaweka ndani kitanda, jiko dogo na kabati la vikombe, na tangu hapo akawa mtu wa barabarani. Alisafiri peke yake, akalala peke yake, na waliomuuliza kama haogopi aliwajibu, "Naogopa watu wa maswali." Kusafiri peke yake hakukuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kwamba taratibu alianza kuliona kila swali la upendo kuwa kamba ya kumfunga, na mtu aliyefika hapo huona uongo mdogo kuwa haki yake.

Desemba ile alikuwa akienda mji wa Skarland kula Krismasi na mdogo wake, Orville, mjane mwenzake. Aliposimama kununua mafuta alimpigia.

"Dada, unapita wapi?" Orville akauliza.

"Barabara kuu."

"Kweli? Maana nakujua wewe."

"Orville, wewe nimekufuta kamasi kwa mikono hii. Nikisema barabara kuu, ni barabara kuu."

"Haya, haya, usinichape. Ila ukichelewa nakufuata."

"Kaa hapo na magoti yako mabovu!"

Hakuwa na nia ya kupita barabara kuu. Alitaka kukata kwa njia ya mashambani, apite mbele ya shamba walikozaliwa, alitazame bila mtu kumhubiria. Alipokuwa akilipa, muuza mafuta, mzee mnene aitwaye Duane, alimwona akitazama upande ule.

"Mama, kule wameshusha kizuizi. Upepo unakuja."

"Kizuizi ni cha wageni. Mimi nimezaliwa kule."

"Theluji haiulizi mtu amezaliwa wapi."

"Nayo ikiniuliza nitaijibu," Verna akasema, na wote wawili wakacheka.

Kizuizi kilikuwa kimelala kukatisha barabara, na pembeni yake palikuwa na alama za magurudumu ya wenyeji waliozunguka. Ndivyo wafanyavyo kule: mgeni husimama, mwenyeji huzunguka. Verna naye akazunguka.

Anga lilikuwa buluu tupu. Hilo ndilo linalowadanganya hata waliozaliwa huko, kwamba juu jua linawaka na chini upepo unaiokota theluji ya juzi na kuirusha. Kwanza ilitambaa barabarani kama moshi. Kisha ikapanda mpaka kwenye taa, kisha mpaka kwenye kioo, na ghafla hapakuwa na barabara wala mashamba wala nguzo za umeme, ila weupe uliokuwa ukikimbia. Akapunguza mwendo, akafungua dirisha atafute ukingo wa lami, na wakati huo huo gurudumu la kulia likazama. Gari likainama mtaroni, likatulia.

Simu haikushika mtandao. Bado hakuogopa. Alifunga kitambaa chekundu kwenye antena ya redio, gari lionekane, akawasha mshumaa ndani ya kopo, akavaa kila soksi aliyokuwa nayo. Alijua kwamba anayeliacha gari hupatikana wakati theluji inapoyeyuka. Alijua pia kwamba ekzosi ikizibwa na theluji, moshi hurudi ndani na kumlaza mtu usingizi usio na asubuhi. Kwa hiyo alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye mlango, akashuka na koleo.

Hapo ndipo woga ulipomgusa mara ya kwanza. Alipiga hatua chache, akageuka, na gari halikuwapo. Kulikuwa na kamba tu, ikitoka kiunoni mwake na kuingia ndani ya weupe. Alichimba huku akilia kwa sauti, na upepo ukamnyang'anya sauti ile hata yeye mwenyewe asiisikie. Alirudi akiivuta kamba, mkono baada ya mkono.

Ndani, giza likiingia, alifungua redio. Siku kama zile redio ya mji huwa ubao wa matangazo wa watu wote. Mtangazaji alisoma kwamba shule zimefungwa, kwamba chakula cha jioni cha kanisa kimeahirishwa. Kisha akasema, "Orville Tollefson wa Skarland ametoka na pikapu yake ya bluu kumtafuta dada yake, Verna, kwenye barabara kuu. Verna anaendesha vani nyeupe. Atakayemwona yeyote kati yao, apige simu."

"Rudi!" Verna akaifokea redio. "Orville, mjinga wewe, rudi nyumbani! Siko huko!"

Redio ikaanza kupiga wimbo wa Krismasi.

Mpaka dakika ile alikuwa amepima hatari kwa mizani ya maisha yake mwenyewe, na aliyaona ni yake, ayatumie apendavyo. Sasa alimwona mdogo wake akiinamia usukani, macho yake mabovu yakitafuta gari jeupe ndani ya theluji nyeupe, mahali ambapo halikuwapo na lisingekuwapo. Alishika kitasa cha mlango. Atembee, atafute nyumba, apige simu! Kamba ilikuwa fupi. Akakiachia kitasa, akakishika tena, na hatimaye akaliuma blanketi asipige kelele. Kila tangazo lilipokaribia alitaka kuzima redio, na hakuthubutu. Jina la Orville lilisomwa tena, na tena, mpaka betri ikafa.

Aliokolewa asubuhi na gari la kusukuma theluji. Duane alikuwa amewaambia wenye gari hilo kwamba alimwona mama mmoja mbishi akikunja kuelekea kwenye kizuizi.

"Mama, uko hai?" dereva akauliza, akigonga kioo.

"Orville yuko wapi?"

"Orville gani? Miguu unaihisi?"

"Achana na miguu yangu! Ndugu yangu yuko wapi?"

Dereva akaita kwa redio yake ya kazini. Verna alimtazama uso akisikiliza, na hajawahi kuogopa uso wa mtu namna ile.

Pikapu ilikutwa mtaroni, mlango wazi. Orville alikuwa ameona mwanga, akadhani ni taa za dada yake, akaufuata kwa miguu. Ulikuwa mwanga wa zizi la ng'ombe. Ng'ombe ndio waliomtia joto hadi alipokutwa. Aliishi, lakini daktari alimkata vidole vinne vya mkono wa kulia vilivyokufa kwa baridi.

Verna alikaa kando ya kitanda cha Orville hospitalini, bakuli la uji mkononi, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji.

"Sikupita barabara kuu," alisema.

"Najua. Wilaya nzima inajua. Hata ng'ombe wanajua."

Verna hakucheka.

"Nilikuita, dada," Orville akasema, bila mzaha sasa. "Nilikuita mpaka koo likakauka. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenizuia."

"Ningekupigia kelele. Kelele tu. Tangu lini mtu akakuzuia wewe?" Alitazama bandeji zake. "Kisha ningekuja kwa njia ile nyingine, basi."

Verna aliinua kijiko. Uji ukamwagika shukani, na Orville akangoja, kinywa wazi, mpaka dada yake alipokijaza tena.