Ukuta Tuliougawana

Nilihamia Garsen miezi michache baada ya mafuriko, mimi na binti yangu wa miaka minne, nilipopewa uhamisho kutoka shule moja ya Kipini. Nyumba nyingi za kupanga zilikuwa bado na alama ya maji ukutani. Ile niliyoipata haikuwa nayo. Ilipakwa rangi ya maziwa, mbichi hata ikanibaki kidoleni. Mwenye nyumba, mkulima mzee mwenye shamba kando ya mto, aliishi na mkewe upande wa pili wa ukuta wa chumba changu cha kulala.

"Hapa maji hayakufika, mwalimu," aliniambia. Nilimwamini. Nilikuwa nimechoka kutafuta.

Wiki ya tatu nilivuta kitanda nifagie, nikaona madoa meusi karibu na sakafu, kama vumbi la makaa. Niliyafuta kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe. Baada ya siku nne yalirudi, mapana zaidi, na safari hii yalikuwa na manyoya laini. Viatu vyangu vya ngozi vikaota kuvu ya kijani. Nguo zikanuka hata zikitoka juani. Kisha mtoto akaanza kukohoa.

Alikohoa alfajiri, kikohozi kikavu kisichomwamsha. Mimi ndiye niliyeamka. Na kila alipotulia, nilisikia mtu mwingine akikohoa nyuma ya ukuta, taratibu, kama anayejificha. Nilijua ni mke wa mzee. Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba ni uzee.

Nilimwendea mzee nikamweleza. Alikuja mpaka mlangoni, hakuingia.

"Unyevu mnauleta nyinyi," alisema. "Unapika ndani, unaanika nguo ndani, madirisha umefunga."

"Mvua ikinyesha nianike wapi, mzee?"

"Hilo ni lako, mwalimu. Mimi nilikupa nyumba safi."

Niliona haya, kana kwamba ameniambia sijui kutunza nyumba. Nikatoa jiko nje. Nikaacha madirisha wazi, mbu wakatula. Kuvu ikapanda hadi usawa wa kiuno changu. Rangi ikavimba malengelenge, na nilipobonyeza moja, yalitoka maji ya rangi ya chai.

Siku niliyompeleka mtoto zahanati, daktari alimsikiliza kifua, kisha akaniuliza, "Mnakolala, ukuta una unyevu?" Nilipomjibu, aliacha kuandika. "Mtoe kwenye chumba hicho leo. Usingoje kesho."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba kumwambia kwamba nahama. Alikuwa shambani. Mkewe alinikaribisha chumbani kwake, mwanamke mwembamba aliyejifunika leso mbili kwenye joto lile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema ukuta ni mweusi?"

"Mweusi, mama. Wote, upande wa kitanda."

Alitazama kabati kubwa la nguo lililokuwa limeegemezwa kwenye ukuta uleule, kando ya kitanda chake. "Nisaidie tulisogeze," alisema.

Harufu ilitangulia. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi juu ya vichwa vyetu, na mgongo wa kabati ulikuwa umeoza ukawa kama karatasi iliyolowa. Yule mama alisimama ameziba pua kwa leso.

"Alilileta hapa mwenyewe, maji yalipoondoka," alisema. "Aliniambia chumba kitapendeza."

Mzee aliporudi alitukuta tumekaa nje. Aliona kabati kupitia mlango, akaelewa. Hakubisha.

"Yalifika hapa," alisema, akagusa kifua chake. "Mazao yote ya shamba yalikuwa yamekwenda na maji. Nilibaki na nyumba hii. Ningesema ukweli, nani angepanga?"

"Na mimi?" mkewe aliuliza. "Mimi nilikuwa mpangaji?"



Fundi aliyeitwa siku iliyofuata aligonga nyundo mara mbili tu. Plasta ikaanguka bamba zima. Ndani, matofali ya udongo yalikuwa yamegeuka uji. Simiti ilipigwa pande zote mbili kabla hayajakauka, maji yakakosa pa kutokea. Fundi alirudi nyuma, akatuambia tusikae karibu. Mvua moja kubwa, alisema, na ukuta ungewalalia waliolala, upande wowote.

Mimi na mtoto tulikuwa tumeshahamia kwa mwalimu mwenzangu tangu jioni ya siku ile ya zahanati. Mtoto aliendelea kukohoa kwa muda mrefu, kisha akapona. Yule mama alipelekwa hospitali Malindi na binti yake. Alirudi, lakini sasa akitembea kutoka nyumbani hadi barabarani hupumzika mara mbili njiani.

Mzee aliujenga upya ukuta. Tukikutana sokoni hunisalimu kwanza, na mimi humwitikia. Sijamsamehe kabisa. Lakini mimi nami nilimsikia mkewe akikohoa wiki zile zote, nikawa nafuta upande wangu tu.