Upindo wa Safari

Hapa Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi Uganda, ukitaka kujua kama mtu anangoja safari ya kuhamishiwa ng'ambo, usimwulize. Shika pindo la nguo ya mtoto wake. Kama limekunjwa ndani kiganja kizima, basi faili lao liko njiani, au wanaamini liko njiani. Sisi mafundi wa kushona tulianza kukata hivyo kwa lazima. Mzazi analeta kitambaa kizuri, anataka nguo ya mtoto kupandia ndege, na ukimwuliza ndege ni lini anatazama pembeni. Sasa utampima nani? Unampima mtoto wa leo, unamkisia wa mwaka kesho na wa mwaka ule mwingine, na kitambaa chote kinachobaki unakificha ndani ya upindo.

Gauni la safari la binti yangu nililishona alipokuwa na miaka saba. Kwenye faili tuko wawili tu, mimi na yeye. Baba yake tulimzika Kivu kabla hatujakimbia. Nililishona kwa kuiga picha za kitabu kimoja, na kitabu hicho ndicho kilichonitia wazimu.

Kilikuja ndani ya sanduku la vitabu vilivyotolewa sadaka kwa kanisa letu. Kilikuwa kikubwa, cha Kifaransa, na jalada lake lilitaja kuzaliwa upya. Wazee wa kanisa wakafurahi, wakidhani ni mambo ya wokovu. Walipokifungua wakakutana na Waitalia wa miaka mia tano iliyopita, wengine uchi wa mnyama. Mke wa mchungaji alizibandika kurasa za aibu kwa uji wa ngano, moja baada ya nyingine, kwa subira kubwa, kisha akaniletea.

"Uangalie manguo tu," aliniambia. "Ile ingine uiache."

Niliangalia nguo, na Mungu anisamehe, hata Biblia sijawahi kuisoma kwa bidii ile. Kulikuwa na mke wa mfanyabiashara wa vitambaa amekaa kando ya dirisha. Gauni lake lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, na mikono yake haikushonewa mabegani. Ilifungwa kwa kamba nyembamba, na katikati ya kamba shati jeupe la ndani lilichungulia. Wengine wangeona urembo. Mimi niliona kazi ya fundi mwenzangu: kamba unailegeza mtoto akipanuka mabega. Ubavuni, kamba pia. Kwenye sketi ya msichana wa ukurasa uliofuata kulikuwa na mikunjo mitatu ya kufumuliwa mmoja mmoja kadiri anavyorefuka. Wale matajiri walishona kama sisi wa Rubondo, ila wao walikuwa wakingoja mtoto akue tu, basi.

Maneno ya kitabu ndiyo yaliyonikera. Yalisema kwamba wasomi wa enzi zile walichoka kumwona binadamu kama vumbi, wakamweka katikati ya mambo yote. Kwamba kila kiumbe kina mahali pake palipokwisha kupangwa, lakini mtu hana, mtu anachagua mwenyewe awe nani na akae wapi. Niliyasoma nikiwa kwenye foleni ya maji, madumu yangu mawili miguuni, mfukoni nina karatasi inayotaja ploti yangu niliyopimiwa na mtu nisiyemjua. Nilikasirika kweli. Nilitamani kumwuliza msomi aliyesema hayo alichagua siku gani na kwenye ofisi ipi.

Lakini sikukirudisha kitabu. Nilizipenda zile sura. Mchoraji hakumficha mtu chunjua wala kidevu cha pili. Kila mmoja alikuwa yeye mwenyewe, amevaa rangi yake, anakutazama usoni bila kuomba kitu. Mimi nimezoea kuhesabiwa. Nilitaka siku binti yangu akishuka kwenye ndege, wale watakaotupokea wamwone hivyo.

Basi nilinunua Mbarara mahameli ya damu ya mzee, nikatia mikono ya kijani kilichokolea kama jani la muhogo, kamba mabegani, kamba ubavuni, mikunjo mitatu na upindo wa kiganja. Nikalikunja ndani ya sanduku pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Tulishahojiwa mara mbili, tukapimwa damu na mapafu, tukaambiwa: mtapigiwa. Kila Krismasi alilijaribu, nami nililegeza kamba au nikafumua mkunjo, halafu likarudi sandukuni. Kwa miaka minane halikuvaliwa nje ya mlango.

Lilitoka mara moja tu, mwaka jana, nilipolibeba hadi Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kutafuta kamba inayofanana na ile iliyochakaa. Mwenye duka, mama Mnyankore ninayenunua nyuzi kwake siku zote, alilinyakua mikononi mwangu, akaligeuza ndani nje, akafungua simu yake. Akanionyesha wasichana warefu wakitembea jukwaani katika miji ya mbali, na sikuamini macho yangu. Mikono ya kufungwa kwa kamba. Shati linachungulia. Damu ya mzee, manjano ya haradali, bluu iliyoiva. Waandishi wa mitindo, alinisomea, walikuwa wakiwasifu wabunifu kwa kurudi kwa Waitalia wa kale.

"Nyabo, sasa hii ndio fasheni," alisema, akiniita kama wanavyowaita kina mama kwao. "Wewe ulitoa wapi mbele yao?"

"Kanisani," nilimjibu.

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha meza nyingine iliyokuwa dirishani, tupu, yenye cherehani ya umeme.

"Hii naweka yako. Unakuja unakaa hapa Mbarara, wewe na mtoto, iko chumba nyuma. Unashona namna hii, ya wanawake kubwa. Harusi ziko mingi."

Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri miezi minane.

Nataka nieleweke. Hakuna aliyenifungia mlango. Hapa Uganda mkimbizi anaondoka akitaka, na Mbarara wamejaa wenzetu. Lakini kila Alhamisi majina hubandikwa ubaoni pale ofisini, na jirani yangu alikwenda kulima vibarua Kabingo majuma mawili, jina lake likatoka, simu yake ikawa haina moto, na faili lake likarudi chini kabisa. Tangu hapo sikulala nje ya Rubondo hata siku moja. Sikujenga jiko la matofali. Sikupanda parachichi, maana litazaa kwa nani? Nilikuwa mateka wa ubao na misumari yake, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa kamba nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Krismasi iliyopita nililitoa gauni kama kawaida. Mikunjo yote ilikuwa imekwisha, upindo umeshushwa hadi uzi wa mwisho. Nilizilegeza kamba za mabega mpaka ncha, na bado mikono haikumpita binti yangu kwenye kiwiko. Nilivuta. Alisimama akinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko kama angenifokea.

"Mama, acha," alisema. "Hii robe ilikuwa ya ule mutoto mwenye angeendaka. Mie niko hapa."

Niliketi kitandani. Ana miaka kumi na mitano, na maneno yake yalikuwa ya kweli tupu. Kesho yake nikamwomba mke wa mchungaji anitazamie ubao kila Alhamisi, nikampa namba mbili za simu, nikalibeba gauni kwenda Nyamityobora. Tulikubaliana nianze kwa kwenda siku tatu kwa juma, nihamie muhula ujao wa shule ukiisha.

Nililifumua mwenyewe juu ya ile meza ya dirishani, nikatoa ruwaza ya karatasi. Nilipopima sketi ya kwanza, ya bibi harusi mmoja wa mjini, mwenye duka alinishika mkono.

"Nyabo, hii yote chini ni ya nini? Unaharibu kitambaa. Acha kidole moja tu, inatosha. Harusi ni Jumamosi."

Kidole kimoja. Niliuweka mkasi chini, nikapima tena. Sikumbuki ni lini niliwahi kumshonea mtu ambaye siku yake inajulikana.

Nilikata. Kufikia juma la tatu nilikuwa nimekizoea kile kidole kimoja, na nilianza kuona fahari ambayo sikuwa nayo tangu Kivu. Wanawake walijitazama kwenye kioo kama yule mke wa mfanyabiashara, na mimi nilijiambia kwamba huenda yule msomi hakuwa mpumbavu sana. Vilipobaki vipande vya pamba ya manjano ya haradali, mwenye duka aliniachia. Nilivipeleka nyumbani, nikampima binti yangu amesimama mlangoni, mabega yake ya leo, kiuno chake cha leo, nikamshonea gauni la kumtosha. Mikono niliifunga kwa kamba nyeupe. Nilijua atafurahi, na nilifurahi kabla yake.

Alilivaa Jumapili asubuhi. Lilimkaa vizuri, na rangi ile ilimwangaza uso. Alizunguka mara moja, akacheka, akainama kulishika pindo, kama watoto wote wa Rubondo wanavyofanya wakipewa nguo mpya. Vidole vyake vikatafuta ule mkunjo wa ndani. Vikatafuta mbele, vikazunguka mpaka nyuma, polepole, vikarudi mbele tena.

Aliinua macho.

"Mama," alisema, "sasa hatuendake tena?"