Shingo ya Msusi

Wateja wake walimwita Mkono Mwepesi, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alikumbatia pochi yake. Ilibidi aelezwe kwamba hapa hasemwi mwizi, anasemwa msusi. Alipewa jina hilo kwa sababu ukikaa chini ya mikono yake husikii kuvutwa. Watoto waliozoea kuburutwa saluni huku wakilia, kwake walisinzia, na mama zao walilazimika kuwaamsha ili wajione kwenye kioo.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na duka la vinywaji. Kilikuwa na kioo kirefu, viti viwili, benchi la wanaosubiri, na feni iliyokuwa ikipiga kelele nyingi kuliko upepo. Kigoda chake cha kusukia alitengenezewa na mumewe, fundi wa friji, kutokana na vyuma vya friji zilizokufa. Hapo ndipo alipomaliza miaka yake, shingo imeinama, vidole vinakwenda, mdomo nao haupumziki. Alijua nani kaposwa, nani kaachika, na nani anadanganya umri. Hakuna neno lake hata moja lililowahi kutoka nje ya mlango ule.

Asubuhi ya ajali alikuwa anaendesha kigari chake kwenda kununua nywele za bandia, maana mchana alikuwa na bibi harusi. Alipofika kwenye kivuko karibu na shule ya msingi, akasimama. Watoto walikuwa wanavuka kwa mstari, kila mmoja kashika sweta la mwenzake, mwalimu wao katangulia. Wakapita wote isipokuwa wa mwisho. Huyo kiatu kilimfunguka katikati ya barabara, naye akainama mbele ya gari kukifunga, bila haraka, kama yuko sebuleni kwao.

Mkono Mwepesi alikuwa anamtazama na kutabasamu aliposikia breki zikilia nyuma yake. Hakuwahi hata kutazama kioo. Kishindo kikampata mgongoni, kichwa chake kikarushwa nyuma kikarudi mbele, na gari likaanza kusogea. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akaikandamiza kwa nguvu zake zote, macho kayafumba. Gari likaburuzika kidogo, likasimama. Alipoyafumbua, mtoto hakumwona. Boneti ilikuwa imemficha.

Akateremka. Mtoto alikuwa palepale, kamba za kiatu mkononi, anamshangaa. Mkono Mwepesi akapiga magoti kwenye lami akamkumbatia, na akabaki hivyo mpaka mwalimu alipokuja mbio kumchukua.

Gari lililomgonga lilikuwa la kusambaza soda. Kreti za mbele zilikuwa zimepasuka, na soda ilikuwa inachuruzika barabarani na povu lake. Dereva wake, mzee mwenye mvi ambaye wenye maduka walimwita Baba Kreti, alikuja kofia yake kaishika mbele ya kifua.

"Mama, hujambo?" akamwuliza.

"Sijambo, baba. Mtoto hana kitu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Sijambo, nashukuru."

Trafiki naye alipofika akauliza kama kuna aliyeumia, na yeye akajibu vilevile. Trafiki akaandika kwamba hakuna majeruhi. Bampa la nyuma lilikuwa limebonyea na taa moja imevunjika, basi. Mkono Mwepesi akaenda kununua nywele zake, akarudi, akamsuka bibi harusi mpaka jua likapungua. Shingo ilikuwa nzito kidogo tu. Alisema ni uchovu.

Kesho yake alishindwa kuinua kichwa kwenye mto. Mumewe ilibidi aingize mkono chini ya shingo yake na kumwinua taratibu, kama anavyoinuliwa mtoto mchanga. Hospitali walimpiga picha, wakamvalisha kola ngumu, wakamweleza kwamba pingili za shingo zimeteguka na mshipa mmoja wa fahamu umebanwa. Daktari alisema maumivu ya kugongwa nyuma mara nyingi hujificha siku ya kwanza.

"Nitasuka lini?" akauliza.

"Kwanza tuone kama utavaa nguo mwenyewe," daktari akamjibu.

Kola ilivuliwa baada ya wiki nyingi, na maumivu yakapungua. Kilichobaki ni ganzi. Kidole gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine. Alirudi saluni hivyohivyo, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda asubuhi. Akajifunza kuyafuata macho badala ya vidole. Lakini nywele zilimponyoka, na kwa kuogopa zisimponyoke akawa anazikaza.

Siku moja aliletewa binti mdogo aliyekuwa akimsuka tangu hajaota meno. Alisuka mistari miwili. Wa tatu, mtoto akashika kichwa chake kwa mikono yote miwili.

"Bibi, unaniumiza," akasema.

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Wanawake waliokaa kwenye benchi wakatazama chini. Akamaliza kile kichwa polepole, akakataa malipo, kisha akafunga mlango na kwenda nyumbani kabla ya adhuhuri. Mumewe alimkuta kakaa jikoni, mikono kaiweka mezani, anaitazama.

Habari ya kudai fidia aliileta mume. Yeye mwenyewe hakuitaka.

"Nitamshtaki mzee wa watu?" akasema. "Aliniomba radhi."

"Humshtaki yeye," mumewe akamjibu. "Gari lile ni la kampuni na lina bima. Wanalipia bima ili siku kama hii ikifika ilipe. Hatumwombi mtu sadaka."

Ofisi ya bima ilikuwa na viti laini na kijana mwenye adabu zake. Aliwakaribisha, akawasomea maneno ya trafiki, kisha akamgeukia Mkono Mwepesi.

"Mama, siku ile uliulizwa mara mbili. Ukasema hujambo."

"Ndiyo."

"Na jioni ile ulifanya kazi."

"Ndiyo."

"Sasa unaona shida yetu."

Wangelipia bampa na taa. Shingo, alisema kwa upole, ni ya miaka mingi ya kuinama. Walipotoka nje mumewe alikuwa anachemka. Lililomchoma Mkono Mwepesi halikuwa kunyimwa. Ni kwamba kazi aliyoipenda imegeuzwa shahidi dhidi yake.

Hapo ndipo alipomwendea wakili mmoja, mwanamke aliyekuwa akisukwa kwake tangu akiwa na sare za shule. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo akisukwa hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Shangazi, kesi hii ni ngumu," akamwambia. "Lakini si ya kuachwa."

Kesi ilijikokota. Kulikuwa na siku hakimu anaumwa, siku shahidi hayupo, siku umeme umekatika na chumba hakina hewa. Mkono Mwepesi alikuwa anavaa gauni lake la kijani, anakaa kwenye benchi la mbao lililomtesa shingo, anaambiwa arudi mwezi ujao. Alipopata nafasi ya kusema, wakili wa bima alisimama mbele yake akamwuliza lilelile swali: alisema hajambo, au hakusema?

"Nilisema," akajibu. "Alipozikwa mama yangu pia watu waliniuliza, nikasema sijambo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, hakimu akamtazama, akaacha. Wakili wa bima akaendelea na swali la kuinama. Aliuliza vizuri, na majibu ya kweli hayakumsaidia Mkono Mwepesi: ndiyo, shingo iliwahi kumuuma huko nyuma; ndiyo, alikuwa akijichua kwa dawa ya kuchoma. Alirudi kitini akijua kwamba siku ile imemwendea kombo.

Shahidi wa mwisho alikuwa Baba Kreti. Aliletwa na upande wa bima, kusema kwamba mgongano ulikuwa mdogo na mwanamke alikuwa mzima. Alivaa koti lililombana mabegani. Katika safu ya nyuma alikaa meneja wa kampuni ya soda, simu mkononi.

Mzee alianza kama walivyotaka. Ndiyo, alimwuliza. Ndiyo, alijibiwa sijambo. Wakili wa bima akamshukuru na kukaa. Wakili wa Mkono Mwepesi akainuka na kumwuliza kwanza: aliona nini alipokuwa anamwuliza?

Baba Kreti akamgeukia hakimu.

"Alikuwa kapiga magoti kamkumbatia mtoto," akasema. "Mikono inamtetemeka mpaka mtoto anatikisika. Mimi nilimwuliza kwa sababu niliogopa. Yeye alijibu kwa sababu ana adabu."

"Na mgongano ulikuwa mdogo?"

"Haukuwa mdogo. Breki zilikuwa zinazama mpaka chini. Nilisema gereji, nikasema ofisini. Nikaambiwa nimalizie mizigo ya wiki ile kwanza." Alifuta uso kwa kiganja. "Kama mama huyu asingekanyaga breki zake, leo tungekuwa tunazungumza habari za yule mtoto."

Meneja akainuka akatoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake. Mkono Mwepesi alitaka kugeuka amtazame mzee alipokuwa anateremka, lakini shingo haikumruhusu. Alimsikia tu akipita nyuma yake, viatu vinaburuzika.

Hukumu ilimpa fidia. Haikuwa yote aliyoiomba, kwani hakimu alisema sehemu ya ugonjwa ni ya kazi yake, na sehemu hiyo ikakatwa. Iliyobaki ilitosha kulipia matibabu, mazoezi ya shingo, na kodi ya saluni kwa muda. Alimwajiri msusi mwenye vidole vizima, akawa anakaa kwenye kigoda chake anamwelekeza. Kidole gumba kilirudi polepole. Cha shahada hakikurudi. Wateja wa zamani walimwomba awaguse angalau kwa kuchana, na yeye alikuwa anawachana.

Habari za Baba Kreti alizipata bila kuzitafuta. Soda za duka la jirani zilianza kuletwa na dereva mwingine, kijana anayepiga honi ovyo, na mwenye duka akamwambia kwamba mzee aliachishwa kazi wiki ileile ya ushahidi. Mkono Mwepesi alikaa na neno hilo siku nzima, akakosea hata jina la mteja wake. Alimweleza mumewe, na mumewe akasema anamhitaji mtu wa kubebea friji za wateja kwa gari. Basi Mkono Mwepesi akaenda kumtafuta mzee.

Nyumba aliipata kwa kuuliza. Mlangoni alimkuta mke wa mzee anapiga pasi nguo za watu, rundo moja kulia, rundo moja kushoto.

"Ni wewe yule wa shingo," mke akasema, pasi haijasimama.

"Ndiye mimi, dada."

"Umekuja kushukuru au kutoa pole?"

"Vyote viwili."

"Shukrani mpelekee mwenyewe, yuko uani. Pole nipe mimi."

Mkono Mwepesi akampa pole. Hakuongeza neno, maana kila alilolifikiria lilikuwa jepesi mno. Mwanamke yule akaitikia, akakunja shati alilokuwa amemaliza, kisha akamwonyesha njia.

Baba Kreti alikuwa kakaa kivulini mwa ukuta, anashona kandambili yake. Alimkaribisha kama mgeni wa heshima, akamwachia kiti yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mkono Mwepesi akamweleza habari ya gari la friji. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwambie mzee mwenzangu ahsante. Siendeshi tena."

"Kwa sababu ya kampuni?"

"Hao walinifukuza tu. Nilijaribu kwingine baadaye, lori la mchanga. Nikishika usukani namwona yule mtoto kainama anafunga kiatu." Alitazama sindano iliyokuwa mkononi mwake. "Wewe unamwona?"

"Namwona," akasema. "Nikifumba macho, namwona. Nikiyafumbua ndipo simwoni, kama siku ile."

Mkono Mwepesi aliwaza kwamba hakuna ofisi yenye viti laini ambako mzee huyu angeweza kwenda kudai chake. Yeye, msusi, aliumia mahali panapopigwa picha. Na hata hapo, ilikuwa shida kuaminiwa.

"Hivyo vidole vyako vikoje?" mzee akamwuliza.

Akaunyosha mkono. Mzee akaushika kwa tahadhari, akakibinya kile kidole cha shahada kwa ukucha.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo."

Mke wa mzee akatoka na maji kwenye sinia, akawakuta hivyo, mkono wa mmoja kwenye kiganja cha mwingine. Akaweka sinia chini, akasimama kidogo, akavuta kigoda akakaa nao. Mkono Mwepesi alikaa hapo mpaka jioni. Hakuondoka akiwa amesamehewa, wala hakuwa ameyaomba hayo. Lakini alipoaga, mwanamke yule alimsindikiza hadi barabarani, akamwonyesha njia ya mkato ili shingo isichoke, na akamwambia akija tena aje mapema, kabla pasi haijapata moto.

Alikuja tena. Huwa anakwenda mpaka sasa, Jumapili kwa Jumapili, na anamchana mke wa mzee nywele kwa mkono wa kushoto.