Kwa Kaniki au kwa Mikono

Mwaka aliofariki mama, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kazi yangu nyumbani ilikuwa kupeleka maneno baina ya watu wawili waliokuwa wakisikiana vizuri sana. Mmoja alikuwa baba. Wa pili alikuwa wifi yangu, ambaye kaka alimwacha kwetu na kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Kwetu Wanyakyusa wa milimani, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Hawasemeshani, hawagusani, hawakai chini ya paa moja. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke hujifunika kaniki kichwani na kuingia migombani mpaka mzee apite. Akikosea, watu husema uzazi wake utaharibika.

Basi baba, akiwa ndani ya nyumba yake, alikuwa akisema kwa sauti, "Mwambie wifi yako uji hauna chumvi." Wifi katika jiko la uani, nyuma ya ukuta wa mianzi, alikuwa ameshashika chumvi kabla sijafika. Nilimwambia hata hivyo, naye alinisikiliza kama vile ni habari mpya.

Sikuona ajabu. Mwaka ule sikuona ajabu kitu chochote. Tangu tumzike mama nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa, ila yangu ilikuwa ya mwili mzima. Nilikula nilichopewa. Aliyenipa ni wifi. Yeye ndiye aliyeninyoa, yeye ndiye aliyenilaza ubavuni kwake baridi ya Juni ilipobana. Sikuwa na mtu mwingine, na hilo nililijua kama nilivyoijua njia ya mtoni, bila kulifurahia wala kulililia.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Makosa mengine aliyakemea tu, lakini uongo aliuchapa.

Asubuhi moja ya ukungu aliamka na homa. Niliingia na bakuli la uji, akainuka kulipokea, akayumba, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye moto wa kuotea. Mimi nilisimama na bakuli langu. Nakumbuka nilikuwa naangalia uji usimwagike.

"Kuna nini?" wifi aliuliza kutoka jikoni.

Akauliza tena. Kisha akaingia.

Alimshika baba kwapani kwa mikono mitupu, akamvuta hadi mlangoni penye hewa. Kaniki ilimdondoka. Nyuso zao zilikaribiana kama za watu wanaonong'onezana. Sikuwahi kuwaona pamoja kabla ya hapo, nikaona walivyofanana kwa uchovu. Alipohakikisha mzee anapumua, aliokota kaniki, akajifunika, akatoka kinyumenyume. Nje akakutana na shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliishi nyumba ya pili. Alikuwa mlinzi wa mila zote, hasa zile zilizowahusu wengine.

Kesho yake aliketi barazani na wazee wawili wa ukoo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mkono umefungwa kwa jani la mgomba. Wifi aliwekwa nyuma ya jiko, asikie bila kuonekana. Shangazi alianza na hukumu, kesi ikafuata. Kama mkamwana alimshika mkwewe kwa nguo, na uso ameufunika, dawa ipo, atanawishwa na mambo yataisha. Kama ni mikono mitupu na uso wazi, atarudi kwao siku hiyohiyo.

"Mtoto alikuwepo," akasema. "Mwanangu, wifi yako alimshika baba yako kwa kaniki au kwa mikono?"

Ukubwani, nikisomea ualimu, nilifundishwa kwamba mtoto hujifunza wema kama anayepanda ngazi: kwanza huogopa fimbo, kisha hupenda kusifiwa, mwisho huipima haki mwenyewe. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikafaulu. Lakini pale barazani sikupanda ngazi yoyote. Kusema uongo kulikuwa na fimbo, kusema kweli kulikuwa na sifa za shangazi, na haki sikuifikiria hata kidogo. Niliona tu jiko lisilo na mtu.

"Kwa kaniki," nikasema. "Na uso alifunika."

Shangazi hakunisadiki. Aliniangalia miguuni, akaniangalia usoni, kisha akamgeukia baba.

"Ndugu yangu, aliyeshikwa ni wewe."

Baba alinitazama muda mrefu. Makwapa yake yalijua yalishikwa na nini. Macho yake yalijua yaliona uso gani. Nilingoja nione atafanya nini, kama mtu anayengoja mvua iamue kunyesha au kupita.

"Ni kama alivyosema mtoto," akasema.

Wazee wakaomba togwa. Wifi akanawishwa dawa, na jioni ile nikala ugali wake.

Wiki iliyofuata nilimwaga maziwa nikasema ni paka. Baba alinichapa. Alitumia mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado mbichi, na fimbo nyingine zilikwenda kombo. Kila alipopiga aliniambia uongo ni dhambi. Sikuhisi kuumia wala kuonewa. Ningeweza kumkumbusha ya barazani. Sikumkumbusha, wala yeye hakuonekana kuogopa kwamba ningemkumbusha.

Alipomaliza alikaa chini, akapumzika. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya siku zote, ya kufika nyuma ya mianzi:

"Mwambie wifi yako ana mikono yenye nguvu."

Nikaenda jikoni. Wifi alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu, mwiko umesimama mkononi. Alikuwa amesikia yote, fimbo zangu na neno lile. Nikamwambia hata hivyo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu.

"Sema tena," akasema, bila kugeuka.

Nikasema tena.