Nyusi Zangu na Ndagala za Mgonjwa

Niliondoka Rumonge kwa sababu nyusi zilikuwa zimeniangukia machoni. Nina miaka sitini na minane, nauza mawese, na nilikuwa nikipima mafuta kwa mkono mmoja huku wa pili ukiinua paji la uso ili nione. Lakini bibi wa umri wangu kwenda kupasuliwa uso? Niliona haya kusema. Nikawaambia majirani kwamba dada yangu wa Bujumbura, aitwaye Sikujua, anaumwa sana.

Asubuhi ya safari, jirani yangu Mama Zaina alinifuata kwenye teksi na mfuko wa ndagala kavu, dagaa wa ziwani kwetu.

"Umupelekee mugonjwa," alisema. "Jana ku musikiti tulimuombea."

Nilipokea. Njiani, mpaka Kabezi karibu na mji, sikuinua uso kutazama Ziwa Tanganyika.

Bujumbura, saa nne. Sikujua, mzima wa afya, alinisindikiza hospitali. Daktari alinieleza kwamba ngozi hukatwa juu tu ya nyusi, au kwenye mkunjo wa paji, au huvutwa kutokea ndani ya nywele kwa kamera ndogo.

"Ipi watu hawataiona?"

"Ile ya mu nywele. Lakini nyusi zako iko nzito, Mama, na nywele za mbele zimepungua. Nitakata juu ya nyusi. Alama itaonekana miezi kidogo, kisha itafifia. Hii iko ugonjwa. Unaficha nani?"

Nilipanda kitandani. Alinichoma sindano ya ganzi, akakata, akashona.

Jioni tulikula zile ndagala. Sikujua alipojua zilitumwa kwa nani, aliacha kula.

Baada ya wiki nyuzi zilitolewa, nikarudi Rumonge, mtandio umeshushwa hadi machoni. Mama Zaina alikuwa ameketi mlangoni kwangu.

"Pole. Dada iko namna gani?"

Nilivua mtandio. "Dada hakuumwa. Nilikwenda kupasuliwa nyusi. Nilikudanganya."

Alirudisha kichwa nyuma ili aone vizuri, na hapo nikamwona yeye. Nyusi zake zilikuwa zimelala juu ya kope, kama zangu zamani. Nilimsogelea ili nimwombe radhi.

"Kumbe inatibika?" aliuliza taratibu. "Mimi nilifikiri iko uzee tu."

Miaka yote hiyo tumekaa mlango kwa mlango. Nilijua ninakokwenda na kwa nini, nami nikamwacha nyumbani. Ndagala zake nilikuwa nimezila.