Nani aliyepitisha jibu la maharage?

Saa nne na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Lushoto mjini, na Saumu Shekiondo hajaigusa chai iliyowekwa mbele yake. Kwenye kompyuta ya kuazima kuna swali la mkulima, chini yake jibu la mashine, na chini kabisa vitufe viwili: Sahihi, Si sahihi. Anasoma, anabofya. Anasoma, anabofya.

"Leo nabofya polepole," anasema. "Zamani nilikuwa nabofya kama napukuchua mahindi."

Saa tano kamili atazungumza kwa video mbele ya wajumbe wa nchi zaidi ya thelathini. Wanatunga kanuni za pamoja za akili mnemba: mashine ikimdhuru mtu awajibike nani, na aliyedhurika akalalamike wapi. Akitaja jina lake, kazi itaota mbawa, maana mkataba umemfunga mdomo.

Lakini si mkataba unaomtia hofu zaidi. Ni mama aliyeketi kiti cha pembeni, kanga begani, akisubiri zamu yake. Huyo ni Bi Mwanahawa, miaka 64, mama mkwe wake. Amekuja kuwaeleza wajumbe alivyougua. Asichokijua ni kwamba jibu lililomlaza hospitali siku tano lilipitishwa na mkwewe huyu huyu. Hayo Saumu alininong'oneza mimi, mwandishi niliyekuja kumsikiliza, mama alipotoka kunawa.

Saumu, miaka 33, mama wa watoto wawili, alikuwa akiuza karoti sokoni. Miaka mitatu iliyopita akapata kazi ya kukagua majibu ambayo mashine ya kampuni moja ya ng'ambo huwapa wakulima kwa simu. Kwa kila majibu mia tatu, shilingi elfu tisa. "Nilijiona nimeukata," anasema, na kucheka bila furaha.

Masika yaliyopita mkulima mmoja aliuliza kuhusu wadudu kwenye maharage ya wiki tatu. Mashine ikajibu: nyunyizia dawa hii, mavuno bado wiki nane, hakuna hatari kwa mlaji. Mwongozo wa wakaguzi nao, ulioandikwa huko huko ng'ambo, unasema zao la maharage ni punje.

Haya, Usambara hii nani asiyejua? Maharage yakiwa machanga, kina mama huchuma majani yake laini, jioni ni mboga mezani. Mtoto wa darasa la kwanza angewaambia.

"Nilijua," anasema Saumu. "Wallahi nilijua. Nikasita. Lakini ukikataa jibu linalolingana na mwongozo, wanakukata alama. Nikabofya Sahihi."

Wiki haikuisha. Shemeji yake Hassani, aliyeuliza swali kama hilo, alinyunyizia shamba la familia bila kumwambia mtu. Kesho yake Bi Mwanahawa akachuma mboga, kama anavyochuma miaka yote. Kabla ya alasiri alikuwa anatapika, mate yanamtiririka, miguu haimbebi. Walimteremsha kwa pikipiki, Hassani amemkumbatia kwa nyuma asidondoke.

"Nilipolisoma lile jibu kwenye simu ya Hassani, nililitambua neno kwa neno: ndilo nililopitisha," anasema Saumu. "Nikaenda kuchemsha uji wa kupeleka hospitali. Ningefanya nini?"

Alimwandikia msimamizi wake mara mbili. Akajibiwa: fuata mwongozo. Akaenda kuuliza ofisi ya wilaya, akaambiwa kampuni hiyo haina ofisi nchini. Kampuni iko nchi moja, mitambo nchi ya pili, walioandika mwongozo nchi ya tatu, na mgonjwa yuko Lushoto. Eti akalalamike wapi?

Hapo ndipo alipoingia Janeth, mratibu wa wafanyakazi wa aina hii kutoka Tanga, aliyemtafutia nafasi kikaoni. "Nchi moja ikiwabana wanahamia ya jirani," anasema Janeth. "Kidole kimoja hakivunji chawa." Amemshauri Saumu afiche jina na sura.

Saa tano kasorobo umeme unakatika. "Yarabi!" Saumu anasimama. Janeth anaweka simu yake dirishani, unakopatikana mtandao, na kuunganisha kompyuta. Dakika saba zinapita. Picha inarudi.

Bi Mwanahawa anaanza, kwa Kishambaa, Saumu akitafsiri kwa Kiswahili na mkalimani wa kikao akiendelea kutoka hapo. Sauti ya mama haiyumbi. Akimaliza, mwenyekiti anauliza: "Kabla halijamfikia mkulima, kuna mtu aliyelikagua jibu hilo?"

Janeth anatikisa kichwa: usiseme. Saumu anamtazama mama mkwe wake, kisha kamera.

"Yupo. Ni mimi. Naitwa Saumu Shekiondo." Anaisogelea kompyuta. "Sikuwa na kitufe cha kusema ngojeni. Tuwekeeni kitufe hicho, na anayekibonyeza asifukuzwe. Na mtu akiugua hapa, ashtaki hapa hapa."

Dakika tatu walizopewa zimekwisha. Kompyuta inafungwa. Bi Mwanahawa Kiswahili anakijua vizuri tu.

"Siku zile tano uji ulikuwa unaniletea wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nisamehe, mama."

Mama anageuzia kiti chake dirishani. Mimi mwenyewe natazama sakafu. Kufika saa nane mchana, akaunti ya kazi ya Saumu imeshafungwa.

Kikao cha pili ni baada ya miezi minne. Saumu na Janeth wanapanga kupita vijiji, hadi Bungu, kuandika kila jani linaloliwa na linachumwa lini, wawapelekee wajumbe. "Mwongozo uandikwe na sisi tunaokula," anasema Saumu, macho mekundu. "Ila mboga zote sizijui. Namhitaji mtu mzima wa kunifundisha."

Bi Mwanahawa anafunga kanga yake upya na kusimama.

"Mboga ninazijua mimi," anasema. "Kesho tuanze na shamba letu lile, tuchume. Na zikiiva, utaonja wewe kwanza."