Kona za Barabara ya Pamba

Barabara ya shambani kwetu, mbele ya Buswelu, ina kona nyingi, wakati hakuna mlima wala mto wa kuukwepa. Kona zile zilianza na mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba pamba. Ilizunguka nyumba kwa nyumba, kwani kumpita jirani bila kumsalimia ilikuwa dharau. Greda la serikali lilipokuja, likafuata njia ile ile.

Mwanangu anayeishi mjini hulalamika kila akiendesha: "Baba, kwa nini wasiinyooshe?"

Juzi, kwenye kona ya bibi jirani yetu, alilazimika kupunguza mwendo. Akamwona uani, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Kumbe umekuja?"

Nyoosheni za mjini huko. Yetu iacheni.